Jino lililosuguliwa Nairobi, Kigali itajuaje?

Mwanafunzi aliyefungwa waya za meno Nairobi anaweza kuhitimu na kupata kazi Kigali kabla waya hazijatolewa, kwa kuwa matibabu hayo huchukua hata miaka miwili. Yeye anavuka mpaka. Je, faili lake?

Meno yakibanana, daktari anaweza kupitisha msasa mwembamba kati ya jino na jino badala ya kung'oa. (Si kuchonga meno kule kwa mababu.) Kwenye meno ya mbele huondolewa takriban robo milimita kila upande, yaani nusu milimita kati ya meno mawili. Enameli, lile tabaka gumu la nje, ikishaondoka hairudi. Ndiyo maana mpango hutangulia msasa: eksirei hupigwa, meno hupimwa moja moja, kisha huandikwa lipi lipunguzwe na kwa kiasi gani.

Daktari wa pili asiyeliona andiko hilo anaweza kusugua palepale. Jino lililolainishwa vizuri halionyeshi kovu.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, imewafungulia wafanyakazi mipaka. Nchi kutambua vyeti vya madaktari wa jirani ni jambo jema, ila cheti hakisemi lolote kuhusu enameli iliyobaki. Mabaraza ya madaktari yaagize kila kliniki impe mgonjwa nakala ya vipimo vyake, ukurasa mmoja tu. Kwa hilo, hata kikao cha Arusha hakihitajiki.