Shubiri ya Isiolo na Wanaoilinda

Ni nadra mwanafunzi wa Kiswahili kumaliza shule bila kuandika "chungu kama shubiri" katika insha zake. Aghalabu mwandishi huyo hajauona mshubiri porini. Pengine anaujua ule wa chunguni, Aloe vera, ambao kwa kinaya ndio pekee katika jinsi yake usiodhibitiwa na mkataba wa CITES kuhusu biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini.

Mshubiri wa porini uko Isiolo. Waborana huuita hargesa, Wasamburu sukuroi. Utomvu wake ni dawa ya watu na ya mifugo. Ukichemshwa hadi ukagande, huwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo. Hapo ndipo balaa ilipoingilia. Mvunaji mwenye subira hukata majani machache ya chini, akauacha moyo wa mmea uchipue. Mwenye pupa huung'oa.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Biashara haikukoma, ilijificha tu, na faida ikabaki kwa madalali. Kanuni za mwaka 2007 zilifungua mlango wa biashara halali kwa leseni. Hatua njema hiyo, lakini leseni hutolewa ofisini, ilhali mmea uko malishoni.

Na malisho hayo si nyika isiyo na mwenyewe. Waborana wa Waso wana dedha, yaani eneo la malisho lenye baraza la wazee linaloamua mifugo ilishe wapi masika, wapi kiangazi, na sehemu gani ifungwe hadi ukame ubishe hodi. Palipofungwa kwa ajili ya nyasi, mshubiri nao hupata walinzi wasiolipwa mshahara. Vita vya Shifta vya 1963–1967 viliudhoofisha mno utaratibu huo, kadhalika maofisa waliodhani kwamba mfugaji hana sheria mpaka aandikiwe.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 huiruhusu jamii kusajili ardhi yake na kujiwekea kanuni za matumizi. Basi isitolewe leseni ya kuvuna shubiri Kinna, Garba Tula wala Merti kabla wazee wa dedha hawajaulizwa: ni malisho yapi, majani mangapi, na msimu gani. Majibu wanayo.