Nyayo Zilizodhaniwa za Dubu

Wengi wetu tusomapo habari za sayansi hutazamia maajabu yatoke mbali: angani, chini ya bahari, au katika maabara zenye mitambo ya thamani kubwa. Ni nadra kuyatazamia mahali palipokwisha kuchimbwa, kuandikwa na kuachwa. Kwa sababu hiyo habari ya nyayo za Laetoli, iliyotolewa katika jarida la Nature mwezi Desemba 2021, yastahili kuzungumzwa tena.

Laetoli iko kusini ya Olduvai, katika eneo la Ngorongoro. Yapata miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalianguka hapo, yakalowa kwa mvua, viumbe wakayakanyaga, kisha yakakauka na kuwa magumu mithili ya saruji. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua hapo nyayo za zamadamu waliotembea wima, na jina la Laetoli likavuma duniani kote.

Lakini miaka miwili kabla yake, mwaka 1976, zilikuwa zimeonekana nyayo nyingine 5, fupi na pana, zenye mwendo wa ajabu: mguu mmoja ulipita mbele ya mwingine, kama wa mtu anayepepesuka. Katika miaka ya 1980 ilitolewa hoja kwamba pengine ni za dubu mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, ilipokwisha kutajwa, wataalamu wengi waliziweka kando nyayo hizo, wakashughulikia zile zilizokuwa dhahiri zaidi.

Mwaka 2019 watafiti, miongoni mwao Ellison McNutt, Jeremy DeSilva na Charles Musiba, mzaliwa wa Tanzania, walirudi kuzifukua upya. Wakazilinganisha na nyayo za binadamu, za sokwe na za dubu. Filamu za dubu weusi wa Marekani, zenye urefu wa zaidi ya saa 50, zilionyesha kuwa mnyama huyo hutembea kwa miguu miwili kwa muda usiofikia asilimia 1. Tena kisigino cha nyayo za Laetoli ni kipana, hali kisigino cha dubu ni chembamba. Na kwa jinsi nyonga na magoti yake yalivyoumbwa, dubu hawezi kupishanisha miguu namna ile. Zaidi ya hayo, katika maelfu ya mabaki ya wanyama yaliyookotwa Laetoli hakuna hata mfupa mmoja wa dubu.

Uamuzi wao ni kwamba aliyepita hapo alikuwa zamadamu, na huenda wa aina nyingine, tofauti na wale wa mwaka 1978. Juu ya hilo la pili wapo wataalamu wanaodai ushahidi zaidi, nao wana haki, kwa maana nyayo 5 ni chache.

Watu husikia habari kama hii wakasema: “Wanasayansi nao hawaaminiki, jana dubu, leo mtu.” Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Elimu isiyokubali kusahihishwa ndiyo ya kutiliwa shaka. Hapa jibu la zamani lilipimwa kwa vipimo ambavyo kila mtu anaweza kuvikagua, likaonekana halitoshi.

Ila tukumbuke kwamba kupima huko kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupimwa. Nyayo zilikuwa bado mahali pake, na kumbukumbu za waliotangulia zilikuwa zimetunzwa. Kama mtu angalisema, “Hizi ni za dubu tu, hazina maana,” akaziharibu, swali lingalikufa pamoja nazo.

Katika nchi zetu mna madaftari ya mvua yaliyoandikwa kwa mkono katika vituo vya kilimo, mimea iliyokaushwa na kufungwa katika makaratasi, na masanduku ya mifupa isiyotambulika. Vingi vinaliwa na mchwa, na vingine huchomwa moto siku ya kusafisha ghala, kwa kuwa hakuna anayejua vina kazi gani. Fedha za kutengenezea rafu na kuajiri mtunzaji ni sehemu ya gharama za utafiti, nazo ziingizwe katika bajeti tangu mwanzo. Na wewe msomaji, ukikabidhiwa ufunguo wa ghala la namna hiyo, usitoe amri ya kuchoma kabla hujamwita mtu awezaye kusoma kilichomo.