Aliyeibiwa kwa Simu Apige Yowe



Sisi wa kanda hii tunajua namna ya kuupokea wizi wa kuvunja mlango. Mwenye mali hupiga yowe, majirani hutoka, na kabla ya mapambazuko kijiji kizima kimekwisha kufahamu. Sungusungu walizaliwa huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu watu walichoka kuibiwa ng'ombe kimyakimya. Lakini anayeibiwa kwa simu hapa Rwamgasa huingia ndani, hufuta ujumbe ule, na kumwomba mkewe asimwambie mtu. Anaona aibu, kwani fedha amezituma kwa kidole chake mwenyewe.

Aibu hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Namba aliyoitumia kumwibia mtu asubuhi inabaki hai mchana, na jioni inamwibia jirani yake.

Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini na mitandao mingine ikafuata, fedha ya machimbo imebadili njia. Zamani kijana aliyepata dhahabu alishona noti katika pindo la suruali, akapanda basi kwenda kwao. Siku hizi kibanda cha wakala kiko hatua chache kutoka kwenye karasha, na mama aliyeko Maswa au Sengerema hupokea fedha ya ada kabla mwanawe hajanawa vumbi. Ni neema kubwa, wala sioni sababu ya kuibeza kwa ajili ya wezi walioifuata.

Hebu tuutazame ujumbe unaojulikana kuliko yote: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Mwandishi wake hakufahamu wewe ni nani. Ameusambaza kwa namba nyingi bila kuchagua, akitumaini kwamba mmoja kati ya wapokeaji alikuwa ameshika simu tayari kumtumia mtu fedha. Sasa, ni wapi tumaini hilo hutimia upesi kuliko machimboni? Hapa kila mtu ana wa kumlipa: mwenye duara anadaiwa na aliyemkopesha mafuta ya pampu, mchimbaji anadaiwa na mama lishe, na wote wanasubiriwa nyumbani. Anayenaswa si mjinga, kama watu wanavyopenda kumcheka. Mara nyingi ni mtu mwaminifu aliyekuwa na haraka ya kulipa deni. Basi, kabla ya kutuma, mpigie unayemdai kumfahamu, kwa namba yake ile ya siku zote, usikie sauti yake.

Namna ya pili huvaa joho la benki au la kampuni ya simu. Unaambiwa umepokea fedha, na papo hapo anapiga mtu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Ujumbe huo mara nyingi umetoka katika namba ya kawaida ya mtu, ingawa maneno yake yamenakiliwa barabara. Hata jina la benki likionekana juu yake, lisikutoshe: fungua akaunti yako, tazama salio. Kama salio halikuongezeka, hakuna fedha iliyoingia, na huna cha kumrudishia mtu. Likiwa limeongezeka, muulize mhudumu wa mtandao wako kwa namba 100, naye ataangalia. Usirudishe mwenyewe kwa kuelekezwa na sauti usiyoijua. Namba ya siri haihitajiwi na benki wala na kampuni. Anayekuuliza ni mwizi, hata akikutaja kwa majina yako yote matatu.

Lipo jambo jingine linalonisumbua zaidi. Baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, nasi tukadhani kila namba ya tapeli sasa itakuwa na jina la tapeli. Mara nyingi sivyo. Wapo wasajili wa barabarani ambao, baada ya kidole chako kusomwa, hukuambia mashine imekataa, uweke tena; na kidole cha pili husajili laini ambayo hutaiona kamwe. Machimboni hila hii ni rahisi, maana vidole vyetu vimechubuliwa na mawe na mashine huvisoma kwa shida, hata mtu haoni ajabu akiombwa aviweke mara ya tatu. Laini hiyo huuzwa, na polisi wakiifuatilia watamkuta mnyonge aliyelala darini pa udongo, asiyejua lolote. Kwa hiyo piga *106# katika kila laini uliyo nayo, uzione namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukiikuta usiyoitambua, nenda kwa kampuni hiyo uikane, ifungwe.

Aliyekwisha kutuma fedha asifute ujumbe. Apige 100 mara moja, kwa kuwa fedha ambayo haijatolewa kwa wakala yaweza kuzuiwa. Kisha aende polisi apewe namba ya RB. Na hata ambaye hakupoteza kitu aandike neno UTAPELI, alitume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kisha afuate maelekezo na kuitaja namba ya mwizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhesabu ulaghai huu kuwa jinai. Mlalamikaji haombi fadhili.

Kampuni za simu nazo hazina budi kuulizwa. Zinapata ada katika miamala yetu, na wasajili wale wa barabarani hufanya kazi kwa jina lao. Haitoshi kutuonya kwa ujumbe kila juma. Tunataka msajili anayeiba vidole vya watu aondolewe kazini na kushtakiwa, na mchimbaji anayefika kituoni asichekwe na yule anayemwandikia maelezo.

Wakati tunangojea hayo, wenye vibanda vya wakala hapa Rwamgasa wanaweza kuanza juma hili. Kila kibanda kina karatasi ya ada ukutani. Chini yake iandikwe kwa herufi kubwa: 100, 15040 na *106#, na anayesoma amsaidie asiyejua kusoma.