Rusizi: Mtaala wataka maswali, darasa lanyamaza

Mtaala unaojikita katika umahiri, ulioanza kutumika nchini Rwanda mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi aulize, ajadiliane na wenzake na kutatua tatizo mwenyewe. Yote hayo yanahitaji lugha. Wilayani Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, lugha hazikosekani: mtoto huzungumza Kinyarwanda nyumbani, na sokoni Kamembe husikia Kiswahili cha wafanyabiashara wanaovuka daraja kutoka Bukavu. Darasani, hata hivyo, hukutana na Kiingereza.

Lugha hiyo ilichukua nafasi ya Kifaransa kwa uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kuwa itafundishiwa tangu darasa la kwanza. Walimu wengi wa makamo walisomea ualimu kwa Kifaransa. Mwalimu asiyejiamini katika lugha huandika ubaoni, nao wanafunzi hunakili. Maswali hupungua pande zote mbili. Si uvivu wa mwalimu, wala semina ya wiki moja haitoshi kuuondoa ukimya huo, ambao mwanafunzi huubeba hadi chuo kikuu.

Kiswahili, lugha rasmi tangu 2017, hufundishwa zaidi kama somo la sekondari. Kukipa nafasi ya Kiingereza si lazima. Ingetosha wanafunzi waruhusiwe kujadili hesabu au sayansi kwa lugha wanayoimudu, kisha waandike jibu kwa Kiingereza. La sivyo, mtihani wa hesabu utaendelea kupima Kiingereza.