Kichwa Kikubwa, Miguu Mifupi
Anayeanza kujifunza kuchora watu hukimbilia kichwa, akakifanya kikubwa, na karatasi ikamwishia magotini. Macho nayo huyapandisha karibu na paji, ilhali kwa mtu mzima yamekaa katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika kwamba urefu wa mtu ni vichwa 8, na Leonardo da Vinci akamfuata katika mchoro wake maarufu wa mwaka 1490 hivi. Watu wengi wa kawaida hufika 7 na nusu. Mtoto mchanga, 4 tu. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alikuwa mwangalifu zaidi: kitabu chake cha vipimo vya mwili, kilichotoka mwaka 1528 miezi michache baada ya kifo chake, kina wembamba na wanene, wake kwa waume. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, dawa iko kwenye penseli: anyooshe mkono, afumbe jicho moja, apime kichwa cha aliyesimama mbele yake kwa ncha na kidole gumba, kisha ahesabu kuteremka hadi nyayo. Kiwiko kikikunjika kidogo tu (na hukunjika!), hesabu yote inaharibika.