Watu wa Kitui na Makueni, Twendeni Tukapime Ini

Ndugu zangu, mwaka 2004 tulizika sana. Kati ya Januari na Julai watu walifika hospitalini macho yamegeuka manjano, na mwisho wa hesabu wagonjwa walikuwa 317. Kati yao, 125 walikufa. Wengi walitoka kwetu, Makueni na Kitui. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu, na sumu yake, aflatoksini, ikashambulia ini.

Msiba ule ulitufunza. Leo mwaitu, mama yetu, hafungi gunia kabla hajaanika mahindi kwenye turubai na kuuma punje kusikia kama inalia kavu. Lakini jambo moja la mwaka ule halikutufikia vijijini. Watafiti waliowalinganisha wagonjwa wa Makueni na Kitui na majirani zao wazima walikuta hepatitisi B ikiwa nyingi zaidi kwenye damu ya waliougua. Ini lina maadui wengi, na wakikutana wanasaidiana: aflatoksini na hepatitisi B zikiwa katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini hupanda mno.

B ina chanjo, na watoto wetu wamekuwa wakiipata kliniki tangu mwishoni mwa 2001. Ninachowaitia leo ni hepatitisi C. Hii haina chanjo. Hukaa kimya mwilini hata miaka 20, mtu analima, anabeba maji, anasomesha, huku ini likigeuka kovu. Ila ina dawa. Ni vidonge vya kumeza, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 hupona kabisa. Kwa hiyo kila anayekufa kwa C bila kupimwa amekufa kifo kilichokuwa na tiba, na hilo linaniuma.

Tena virusi hivi si vya namna moja. Wanasayansi wamevigawa katika aina kuu 8 za kijeni, yaani jenotaipu, na kila aina ina matawi yake. Aina iliyoko mahali husimulia njia iliyopitia. Misri ilijaa aina ya 4 kwa sababu, kuanzia miaka ya 1950, serikali iliwadunga watu sindano za kichocho, na sindano zenyewe hazikuchemshwa vizuri. Nia ilikuwa njema, kumbe ugonjwa unasambazwa. Hapa Kenya, wataalamu walipowapima watu wanaojidunga dawa za kulevya Nairobi na Pwani walikuta hasa matawi ya 1a na 4a. Rwanda nayo iligundua kwamba tawi la 4r lilikuwa sugu kwa mojawapo ya dawa mpya: waliopona walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu, ilhali kwa matawi mengine walipona zaidi ya tisa katika kumi. Wasingesoma aina ya virusi vya watu wao, wangewalaumu wagonjwa kwamba hawakumeza vidonge.

Ndiyo maana nataka damu ya Mutomo, Mwingi, Kibwezi na Wote nayo isomwe. Tusitibiwe kwa kukisia.

Virusi hivi hupitia damu, basi mtazameni kinyozi jioni ya siku ya soko. Mashine inapita kisogoni mwa mteja wa tano, inafutwa kwa brashi ileile, kitone cha damu nyuma ya sikio kinapanguswa kwa pamba, na mteja wa sita anakaa. Simlaumu, ni kazi yake na hakuna aliyemweleza. Tumweleze. Tumnunulie spiriti kwa mchango wa soko kama ni lazima. Wembe wa kunyoa, wa kuchanja chale na wa kukatia kitovu usitumike kwa watu wawili. Na sindano ya dukani, ile inayochomwa nyuma ya pazia kwa kila homa, tuikatae.

Kupima si kazi kubwa. Ni tone la damu la kidoleni, na baada ya dakika chache unaona mistari. Mistari miwili si hukumu. Huonyesha kwamba virusi viliwahi kuingia, na wapo wanaovishinda wenyewe; kipimo cha pili ndicho husema kama bado vimo. Mashine za GeneXpert, zilizozoeleka kwa kifua kikuu, zinaweza kukifanya kipimo hicho.

Kinachobaki ni bajeti, na bajeti ni yetu. Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, hazina ya kaunti hupeleka makadirio yake kwenye bunge la kaunti. Vikao vya maoni ya wananchi vikiitwa wadini kwenu, msiwaachie wanaotafuta barabara peke yao. Vyama vya akina mama, makanisa, misikiti, vijana wa bodaboda: simameni mseme kwa sauti moja kwamba tunataka vipimo vya hepatitisi B na C katika kila kituo cha afya, dawa kwa atakayekutwa nayo, na sampuli zipelekwe maabara zisomwe aina.

Tarehe 28 Julai ni Siku ya Hepatitisi Duniani. Mwaka huu tusiiache ipite. Njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe, uje na mzazi wako, na umpitie kinyozi wako njiani.