NJIA ZA WAKIMBIAJI ARUSHA NI MALI YA UMMA

Kila alfajiri, kilele cha Mlima Meru kikiwa bado gizani, wako watu mjini Arusha ambao tayari wametoka jasho. Wachache kati yao ni wakimbiaji wa taifa. Walio wengi ni wafanyakazi: walimu, askari, wauguzi, makarani na mafundi, ambao hukimbia nusu saa, wakaoga, kisha wakaenda kazini. Wote hao wanao uwanja mmoja usio na lango wala tiketi, nao ni njia za mji na za miteremko ya mlima. Leo twapenda kuzizungumza njia hizo, sifa zake na hatari inayozikabili.

Jambo hili si dogo. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mji wa Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa wakati mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, ila Simbu alitangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Simbu ni mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi. Lakini kwa miaka mingi mazoezi yake ameyafanya Arusha. Kabla yake Filbert Bayi, mwana wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa akashinda marathoni ya New York mwaka 1989. Nchi yetu haikuwapa watu hawa viwanja vya fahari. Iliwapa nyanda za juu, hewa nyepesi na njia za vumbi.

Arusha yote hayo inayo. Mji upo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru chapita mita 4,500. Anayekimbia kuelekea kaskazini hupanda kila hatua. Huko juu hewa ni nyepesi zaidi, na mwili wa mtu anayekaa na kufanya mazoezi mahali pa juu hujifunza kutumia vizuri pumzi kidogo.

Anayeanza na aanze mjini. Kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, afuate Barabara ya Makongoro hadi kwenye Mnara wa Mwenge, karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha, kisha azunguke kwa Mnara wa Saa na kurudi. Mwinuko ni mdogo, na kabla ya jua kuchomoza magari ni machache. Hapo apitapo akumbuke kwamba mwaka 1967 vijana walitoka mji huu kwa miguu kwenda Dar es Salaam kuliunga mkono Azimio, na kijana Seth Benjamin akafariki njiani. Mji huu wajua thamani ya miguu.

Mwenye kifua cha kutosha apande Sanawari, Sekei au Ilboru. Lami hukoma, ikaja moramu, na moramu ikawa njia nyembamba kati ya migomba na mibuni. Mlima huo hauna huruma kwa mwenye haraka. Anayetaka kufika juu yampasa aanze polepole, akipiga hatua fupi. Wakati wa kiangazi udongo wake wa volkano ni laini mguuni. Wakati wa masika huteleza kama sabuni, na mwenye busara hushuka kwa kutembea.

Kwa mbio ndefu, wakimbiaji wengi huzipenda njia za Ngaramtoni na Olmotonyi, upande wa magharibi ya mlima. Huko Olmotonyi kuna Chuo cha Misitu na mashamba ya miti ya kupandwa, yenye barabara za udongo zinazokwenda mbali bila gari. Kivuli kipo, ardhi haiumizi magoti, na mwinuko ni wa wastani. Upande wa mashariki, karibu na Tengeru, kuna Ziwa Duluti lililomo ndani ya kasoko ya zamani, na njia ya miguu yalizunguka chini ya miti mikubwa. Hiyo ni njia ya kupumzisha mwili siku ya pili baada ya kazi nzito.

Kusini mwa mji, kupita Njiro, nchi ni kavu na wazi zaidi, na mtu huuona mlima mzima nyuma yake. Huko imepita barabara ya mchepuo yenye urefu wa kilomita 42.4, yaani zaidi kidogo ya marathoni kamili. Ni kipimo kizuri, lakini malori huenda kasi sana. Wakimbiaji na wapite pembeni kwenye udongo, wasiingie katika lami.

Tumezisifu njia, sasa tuseme hatari. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha, na ile ya 2022 ikawakuta 617,631. Watu hao wahitaji nyumba, na nyumba zahitaji viwanja. Hatuwezi kumlaumu mfanyakazi anayejenga. Lakini kila mara shamba linapokatwa vipande na kuuzwa, njia ya miguu iliyopita katikati yake kwa miaka mingi haimo katika hati ya mtu yeyote. Leo huwekwa uzio wa miba, kesho ukuta wa matofali. Mkimbiaji hurudi barabara kuu, akagombea nafasi na bodaboda. Wala si mkimbiaji peke yake: na mama aendaye sokoni, na mtoto aendaye shule, wote walikuwa wakiipita njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, halmashauri, pamoja na serikali za mitaa na vijiji, zizihesabu njia hizi, zizichore katika ramani za mipango miji na kuziwekea bikoni kabla viwanja zaidi havijapimwa. Pili, tuitumie sheria tuliyo nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka mlimani ikapita katikati ya mji. Kingo zake zikilindwa kama sheria inavyotaka, na zikipandwa miti, njia ya miguu yaweza kupita humo bila kumbomolea mtu nyumba iliyojengwa kihalali. Mwaka 2024 ulianza mjini Arusha ujenzi wa uwanja wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya mashindano ya mpira ya Afrika, nasi tuliufurahia. Bikoni na miche ya miti ni gharama ndogo sana mbele ya kazi hiyo.

Nao wakimbiaji wanao wajibu wao. Wakimbie wakielekeana na magari, wavae nguo nyeupe alfajiri, wasikanyage mazao ya watu, na wasipite uani kwa mtu bila salamu. Wanawake wengi huogopa njia za upweke gizani. Basi vikundi vya kazini na vya mitaa viwachukue, watoke pamoja na kurudi pamoja. Njia inayopitwa na watu wema kila siku haitekwi upesi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe ndio ukuta: kila ukuta unaojengwa juu ya njia ni ufa katika afya ya wafanyakazi na katika tumaini la kijana ambaye bado hajui kwamba ana miguu ya dhahabu. Kijana huyo hana kiingilio cha kulipa wala viatu vya bei. Analo jambo moja tu, nalo ni njia iliyo wazi mbele ya nyumba yao. Tusimfungie.